Salamu Kumi na Mbili za Mama

Mimi si mtu wa kuogopa maiti. Mama nilimwogesha mwenyewe. Lakini simu yangu niliiogopa kuanzia Februari mpaka Julai.

Mdogo wangu Evelina alikuwa Norwe mwaka mzima, anasomea mambo ya samaki na kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye maabara huko. Mama alimsomesha kwa sato wa kukaanga, pale Kigongo, akiwauzia watu waliosubiri kivuko. Ugonjwa ulipomzidi, akaomba simu yangu. Nikamwonyesha pa kubonyeza ili kurekodi, nikaiweka juu ya mto, nikatoka nje kujinyoosha kwenye mkeka. Nilikuwa hoi, wiki nzima sijafumba jicho. Nilipoamka alikuwa ameshamrekodia Evelina salamu kumi na mbili.

"Utamtumia moja moja," akasema. "Asije akaacha masomo kwa ajili yangu."

Siku nne baadaye tukamzika. Baba mdogo Venant akakaza kwamba Evelina asiambiwe mpaka amalize, na ukoo mzima ukaitikia. Kazi wakaniachia mimi, maana wao ni wa kutoa amri tu. Hasira hizo ninazo mpaka leo.

Basi kila baada ya wiki mbili namtuma marehemu akasalimie. Nabonyeza tu, kusikiliza siwezi. Siku moja nikiwa naparua samaki kidole kiliteleza, sauti ikatoka jikoni: "Mwanangu, mimi sijambo." Niliangusha sufuria. Tangu hapo nikawa naizima sauti kabisa.

Evelina akiuliza kitu, mama hajibu. Daraja jipya la pale kivukoni lilipofunguliwa akataka kujua mama kalionaje, maana alilisubiri miaka. Nikaandika kwamba amelivuka kwa miguu. Uongo mtupu, na nilijichukia.

Julai nikampokea uwanja wa ndege na maneno yangu niliyoyapanga. Hakuuliza mama yuko wapi. Tulipofika nyumbani akapitiliza mpaka nyuma ya nyumba, akaliona kaburi, akakaa chini.

"Nilianza kujua kwenye salamu ya nne, dada. Uliponiandikia amevuka daraja kwa miguu, nikawa na hakika."

"Nani alikwambia?"

"Mama mwenyewe. Hukuisikiliza mpaka mwisho?"

Nikamwambia sikusikiliza hata moja.

"Sasa mbona ulikaa kimya?" nikamjia juu. "Unaniacha nateseka na huu uongo?"

"Ningesema, ungeacha kutuma. Nilizitaka zote."

Akatoa simu yake, akaifungua ile ya nne. Mama akasalimia, akahimiza masomo, akaaga. Nikadhani imekwisha. Kumbe alisahau kuzima. Sauti ikabadilika, ikawa ile ya kitandani, ambayo hapa nyumbani mimi ndiye niliyeizoea.

"Odeta, njoo unigeuze mwanangu. Ubavu umekufa ganzi."

Kimya. Nikasikia anahema.

"Odeta?"

Kimya tena, kirefu. Nje ya dirisha lake mtu alikuwa anakoroma, na mtu huyo ni mimi.

"Basi, lala mwanangu. Umechoka."

"Abee, mama," nikaitika, na nilikuwa nimeshasimama.