Lango la Warumi na Kadi ya Pili

Shoga yangu Fortunée anatandika vitanda katika hoteli moja ya Euless, Marekani, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zinapita juu ya kichwa chake kutwa, lakini kwa miaka kumi na saba hakupanda hata moja. Ukimuuliza, anasema anaogopa kuanguka. Uongo mtupu! Aliyemwogopa ni mdogo wake Tharcisse, aliyeko Ujerumani.

Mwaka huu akaniambia, "Nime-apply likizo. Naenda kumwambia."

Nilijua anachokwenda kusema. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, mama yao akiwa mgonjwa, Fortunée ndiye aliyekwenda kuandikisha familia. Wengi walikuwa wakigawa familia zao ili wapate kadi ya pili ya posho. Naye akamwandikisha Tharcisse kuwa mtoto wa jirani, mwenye kadi yake. Unga ukaongezeka. Zilipokuja safari za kuhamia Marekani, karatasi zikasema Tharcisse si ndugu yao. Waliambiwa atafuata, hakufuata. Alikuwa na miaka kumi na mitano walipomwacha; baadaye akafika Ujerumani peke yake. Na siku zote Fortunée alimwambia kwamba karani alikosea.

Tharcisse alimpokea, akampeleka kuona lango la Warumi katikati ya mji wake. Limebaki tao moja na kipande cha ukuta, magari yanalizunguka. Fortunée, kwa mazoea ya kazi, alipitisha kidole kwenye jiwe.

"Vumbi lote hili! Hakuna anayesafisha?"

"Lina miaka elfu mbili, dada. Liache." Tharcisse alicheka. "Nilipofika sikuwa na mtu. Nilikuwa nakaa hapa, kwa sababu hapa hakuna aliyeniuliza karatasi."

Neno karatasi likammaliza. Akakaa chini kwenye jiwe, akasema yote, bila kumtazama.

Tharcisse alikaa kando yake. "Dada, nilikuwa nyuma yako kwenye foleni ya kujiandikisha. Nilikusikia."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Ungejua nimesikia, ungeona haya, ungeacha kunipigia simu. Halafu ugali wa ile kadi, mimi pia niliula."

Fortunée alilia kwa sauti mbele ya watalii. Ananiambia kosa lake alikuwa ameshalizoea. Kilichomchoma ni kwamba kila Jumapili, alipokuwa akimdanganya kwenye simu, yule mtoto aliyemwacha kambini alikuwa akiitikia, "Sawa, dada, karani alikosea."