Gursha ya Mkono wa Kushoto

Asrat Wondaferew, seremala wa Debre Birhan, alisifiwa mji mzima kwa mkono wake wa kulia, mpaka siku msumeno wa umeme ulipoukata. Hospitali walimrudisha hai, akashukuru kwa mdomo tu. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake chooni, haugusi sinia la watu. Basi miezi mitano Asrat alikula peke yake, mlango umefungwa, akila amempa mgongo hata mkewe. Ukimwalika, ameshiba. Nasi tulimwacha, tukajidanganya kwamba huko ndiko kumheshimu.

Pasaka mchana, Gashaw alikwenda kumtoa. Gashaw ndiye mchinjaji wa mtaa, rafiki yake tangu utotoni, pande la mtu, mkali kama pilipili.

"Vaa viatu twende."

"Nimeshiba."

"Nani kakuuliza?"

Wanaume wa mtaa walikuwa wamezunguka sinia la nyama na injera, ule mkate wetu mpana wa chachu. Asrat akaficha kigutu chake ndani ya shuka. Alikusudia kunywa pombe ya asali kidogo, kisha ajiondokee. Lakini Gashaw alikunja tonge akamtia kinywani. Hapo hakuna aliyeshangaa. Hiyo ndiyo gursha, tonge la upendo, na kila mtu humlisha mwenzake moja, mbili, hata tatu. Gashaw akatia la nne. La tano. La sita. Mazungumzo yakakatika, na Asrat akahisi masikio yanawaka.

"Mnyonyeshe kabisa!" Tilahun, dereva wa lori, akaangua kicheko. "Kumbe umeoa, Gashaw, na harusi hukutualika!"

"Niache, nakuomba," Asrat alinong'ona. "Umenifanya mtoto."

Akasimama. Alijua kwamba akitoka mlango ule leo, hataketi tena na wanaume maisha yake yote. Gashaw akamvuta shuka, akamketisha. Kisha akauweka mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, akafumbua kinywa.

"Zamu yako. Nilishe."

"Kwa mkono gani?"

"Huo ulionao."

Jamani! Kumlisha mtu kwa kushoto, kwetu, ni tusi. Watu wametoleana visu kwa madogo kuliko hayo. Tilahun alibaki ameshika bilauri hewani. Asrat akauficha mkono chini ya shuka.

"Una wazimu wewe? Mkono huu ni wa..."

"Najua ni wa nini. Umenawa?"

"Nimenawa."

"Basi fanya haraka, bwana! Siku hamsini na tano za mfungo sijaonja nyama."

Asrat akakunja tonge kwa kushoto, akamlisha. Nusu ya mchuzi ilimwagikia ndevu za Gashaw. Akatafuna taratibu, na machozi yakamtiririka, yule yule mchinjaji ambaye hata msibani kwa babake alikaa mkavu. Hakuyafuta.

"Tamu," alisema. "Ongeza."

Asrat akaongeza. Akaongeza tena, naye sasa analia waziwazi, haelewi kama ni aibu au ni furaha. Kisha, kabla hajajishtukia, mkono uleule ukarudi kwenye sinia ukakunja tonge lake mwenyewe. Aliutazama kwa mshangao, kama wa mtu mwingine.

Tilahun akaweka bilauri chini, akamsogezea nyama.