Plagi ya Kompyuta ya Baba

Kwetu, juu kidogo ya Kinoru, mbingu zikianza kunguruma kila mtu alijua kazi yake. Kioo cha ukutani kilifunikwa kwa leso, redio ikachomolewa, watoto wakaondoka dirishani. Mama ndiye aliyekuwa askari wa shughuli hiyo. Umeme ulipoingia nyumbani mwanzoni mwa miaka ya tisini aliupokea kwa shukrani na kwa mashaka, na akiwa nyumbani hakuna ngurumo iliyowahi kukuta plagi ukutani.

Kompyuta niliileta mimi kutoka chuo nilichokuwa nikifundisha kule Embu. Walikuwa wakiondoa zile kuukuu, na hii ilikuwa na kasoro moja: haikusoma disketi. Kilichoandikwa ndani kilibaki ndani. Nilimpa baba, mwalimu mkuu mstaafu ambaye tangu aache chaki hakujua aifanyie nini mikono yake.

Alipata la kufanya upesi kuliko nilivyodhani. Nyanya, yaani mama yake, alikuwa amefariki mwaka huohuo, na baba akaanza kuandika kila alichowahi kumsikia akisema. Aliandika kwa Kimeru, kwa maneno ya nyanya mwenyewe pamoja na kejeli zake: walivyofukuza ndege kwenye mtama, baridi ya Timau alikovuna ngano ya watu, homa waliyorudi nayo kutoka Mitunguu wakati kule kulikuwa vichaka vitupu. Aliandika kwa vidole viwili, yote katika faili moja ndefu. Akimaliza, alisema, angeibeba mashine nzima hadi mjini faili ikachapishwe.

Mvua za Aprili zikaja. Alasiri moja baba alibonyeza kuhifadhi, na kwa kuwa mashine ile ilikuwa nzito ya kufikiri, akatoka kwenda kumfunga ndama. Mbingu zikanguruma. Mama akafanya alivyofanya maisha yake yote: akachomoa redio, akachomoa na kompyuta. Faili ilikuwa bado inaandikwa kwenye diski.

Nilipofika Jumamosi iliyofuata, faili ilikuwa na jina tu, ndani hamna kitu. Niliandika kwenye skrini nyeusi ile amri ya kukagua diski, chkdsk, na kuiongezea herufi ya kuiruhusu itengeneze. Baba alisimama nyuma yangu. Mama alikuwa mlangoni na birika la chai, hataki kuingia wala kuondoka. Mashine ikasema imekuta vipande visivyojulikana ni vya faili gani, ikauliza kama tunataka vigeuzwe kuwa faili. Nilimweleza baba kwamba diski huweka orodha ya mahali kila kipande kilipo; umeme ulipokatika, orodha iliharibika lakini baadhi ya vipande vimebaki.

"Kwa hivyo maneno yapo," baba akasema, "ila hayajui ni ya nani."

Nikabonyeza herufi ya kukubali. Vikatoka vipande vyenye namba badala ya majina, kama ng'ombe wa josho. Nikafungua cha kwanza, na katikati ya alama za ajabu nyanya alikuwa akimtukana ndege. Baba alicheka hadi akatoa machozi. Mwisho wa kisa cha Timau haukupatikana, lakini sehemu kubwa ilikuwapo, na kilichobaki ni kuipanga.

Mama akaweka birika chini. "Mimi nilifikiri naiokoa," akasema.

Baba hakuwa mtu wa kufoka. "Najua, mama watoto. Lakini siku nyingine hii usiiguse. Hata kidogo."

Nami nikaitikia kwa kichwa, mtaalamu wa Embu, nikikubaliana naye. Siku ile ilionekana ndiyo busara. Kumwonyesha mama namna ya kuizima kungechukua muda mfupi kuliko kunywa ile chai, lakini hakuna aliyefikiria hilo. Nikarudi kazini nikijisikia fundi kwelikweli.

Baba alipanga vipande vile miezi kadhaa, akivisoma kwa sauti kutafuta kipi kinafuata kipi. Mvua za Novemba zilikuta amebakiza kidogo tu. Siku hiyo alikuwa ameenda matangani kwa jirani. Radi ilipiga nguzo ya umeme iliyo karibu na lango letu.

Nilikwenda na mashine Embu. Ilikuwa imeungua, inanuka mpira. Nikaitoa diski, nikaifunga kwenye kompyuta nyingine ya chuo, nikaandika amri ileile. Safari hii haikuuliza swali lolote. Ilisema hakuna diski ya namna hiyo. Nikarudia mara nyingi kuliko ilivyofaa, kisha nikapanda gari kwenda nyumbani kuwaambia.

Niliwakuta wameketi jikoni. Kioo, mama alinieleza, kilikuwa kimefunikwa. Redio ilikuwa imechomolewa, na ndiyo hiyo ilikuwa ikituimbia pale mezani. Kando ya kompyuta alikuwa amesimama yeye mwenyewe tangu ngurumo ya kwanza.

"Mkono wangu ulikuwa karibu kabisa," akasema. "Nikakumbuka niliambiwa nisiiguse."

Baba aliinama akaangalia kikombe chake. "Ungechomoa tu, mama watoto," akasema.

Mama hakukasirika, afadhali angekasirika. Alimuuliza polepole, kama mtu anayetaka kweli kufundishwa: "Ningejuaje?"