Wali wa Kima wa Arafa

Zamani pale Kismayu sahani ya wali ilitoka kwenda kwa jirani kabla mwenye nyumba hajaonja tonge, na leo watu wale wale, Mombasa na Ulaya, wanakula wamefunga mlango kwa komeo, kila mmoja na sahani yake mapajani na macho kwenye televisheni.

Mke wa ndugu yangu Idarus aliitwa Arafa. Alizaliwa kisiwani Fuma, kwenye samaki, kasa na muhogo, na alipoletwa mjini kuolewa alikuwa hajawahi kutia nyama ya ng'ombe kinywani. Fungate ilipokwisha, mama yetu Bimkubwa alimwekea mbele yake kibao na pande la paja. Arafa akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, akauliza:

"Mama, matumbo yake yako wapi niyatoe?"

"Matumbo kala mchinjaji," mama akasema. "Wewe shika visu, usinichekeshe nina jino bovu."

Mama alicheka hata hivyo, na jirani yetu Ummi alicheka kutoka upande wa pili wa ukuta, na kwa muda mrefu wanawake wa mtaa walimwita Arafa "mtoa matumbo". Hakukasirika. Alijifunza. Siku hizi nyama ya kima inanunuliwa imeshasagwa, nusu yake mafuta, imefungwa kwenye plastiki kama kitu cha kuonea haya. Arafa aliikatakata kwa visu viwili, kimoja kila mkono, na mlio wake ulisikika mpaka msikitini. Nyama akaiosha kwa ndimu, akaikaushia maji yake yenyewe kwanza bila mafuta. Kitunguu alikikaanga mbali mpaka kikawa rangi ya tende. Ndipo akaunganisha: thomu, bizari, mdalasini kidogo, tungule mbili, chumvi mwisho. Chumvi hakuionja kwa kijiko. Alitia mchuzi kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akalamba, akatazama juu kama anayesikiliza mtu.

Wali ulipikwa kwa tui na kupaliwa makaa juu ya kifuniko. Ukimiminwa kwenye sinia, kima ikawekwa katikati, hakuna zaidi. Si pilau wala biriani. Ni chakula cha watu wasio na shughuli, cha siku ya kawaida. Lakini Idarus, aliyekuwa fundi wa kuunda mashua na mtu asiyejua kusifu, akila kima ya mkewe alinyamaza kimya, na Arafa akijua.

Sahani ya kwanza ilikuwa ya Ummi. Ummi alikuwa mjane asiye na mtoto, na kati ya ua wake na ua wetu kulikuwa na mlango mdogo wa wanawake. Desturi yetu ilikuwa kwamba chakula chenye harufu hakiliwi mpaka jirani aliyeisikia harufu apelekewe chake, kimefunikwa kawa. Na sahani ile ikirudi hairudi tupu. Ummi alirudisha na ndimu, au kaimati, au akikosa kabisa, chumvi ya mawe.

Kisha mwaka wa tisini na moja serikali ya Somalia ikaanguka na wenye bunduki wakaingia mji. Wakaja hawa, wakawafukuza wale, wakarudi wale. Kwetu sisi Wabajuni walikuwa mamoja. Walichukua mashine za mashua, wakachukua nyavu, wakachukua mabati, wakaanza kuchukua wasichana. Hatukuwa na kabila kubwa la kututetea wala bunduki ya kujitetea, na mtu akiuawa kwetu hakuna aliyekuja kuuliza. Walijua hivyo. Walifanya kazi yao mchana kweupe, bila kuharakisha.

Kundi moja lilijipa nyumba ya Ummi. Walimwachia yeye jiko na kona ya kulala.

Arafa alikuwa na mtoto mmoja tu aliyeishi, Sabah, binti ndio kwanza ameanza kuvaa buibui. Miezi ile alimweka chumba cha ndani nyuma ya pazia, na wale wa nyumba ya pili hawakujua kama yupo. Nahodha Nassoro alikuwa ameficha mashua yake kwenye mikoko kusini mwa mji, upande wa kwenda Burgao, na alitutumia neno: kesho maji yakijaa adhuhuri anaondoka kwenda Kenya, na hangojei mtu. Arafa akatuambia sote, na mama naye, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Sisi tutafika au hatutafika. Sabah apande. Nimesema."

Siku hiyo hiyo, alasiri, ng'ombe wa mtu alipigwa risasi njiani, kwa mchezo tu, na watu wakamrukia na visu. Idarus akarudi na kipande cha bega, ngozi ingali juu yake. Tulikuwa na mchele wa mwisho. Mama meno alikwisha kuyapoteza, na nyama ile ilikuwa ngumu kama kamba ya nanga. Arafa akasema ataifanya kima, tule tushibe, kesho tutembee. Akafunga madirisha. Aliikata polepole kwa kisu kimoja, mlio usitoke. Makaa juu ya kifuniko hakuyaweka. Lakini kitunguu kikikaangwa kimekaangwa, huwezi kukiambia kinyamaze.

Sinia lilipowekwa chini, mama hakunyoosha mkono.

"Ummi amesikia harufu," akasema.

"Mama, Ummi ana wageni," Idarus akamwambia. "Wageni wenye bunduki."

"Nimekuuliza habari ya wageni? Nasema Ummi. Mchu ana ndaa ukuta wa pili, njaa kama yetu, na pua anayo."

"Tukila upesi harufu itakwisha."

"Kula wewe. Mimi silambi hata ukoko mpaka sahani ivuke."

Arafa akanigeukia. "Shemeji, sema neno."

Nikasema sahani isiende. Mama akaniambia mvi zangu zimeota bure, na kwamba njaa yote ile haijamfanya kuwa mnyama, na kama sisi imetufanya, basi tule. Idarus akatazama chini. Nani angeweza kumwacha mama yake na njaa siku ya mwisho nyumbani kwake? Arafa akachukua sahani. Akaweka kima chini kabisa, akaifunika kwa wali mweupe ili kwa juu isionekane kitu, akaweka kawa, akapita mlango mdogo. Akarudi.

"Ameipokea?" mama akauliza.

"Ameipokea. Amelia."

"Haya. Bismillahi."

Yaliyotokea upande wa pili Ummi alitueleza mwenyewe kesho yake, akijipiga kifua. Alikaa kwenye kona yake na kuanza kula. Mkubwa wao, kijana mrefu mwenye sauti laini, akapita kwenda msalani. Ummi alikuwa na tonge mkononi, na mtu akapita mbele yake, naye akasema lile neno ambalo sisi sote tumelisema tangu tulipojifunza kusema, ambalo mtu wetu akila hawezi kulizuia.

"Karibu," akamwambia.

Ni neno la kupita tu. Mtu mwenye adabu hujibu, "Endelea," akaenda zake. Yule akakaribia.

Hatujamaliza sinia, akaingia kwetu na wenzake wawili kwa mlango ule ule wa wanawake ambao mwanamume hakupata kuupita. Alikuwa amebeba sahani yetu kwa mikono miwili, kwa heshima. Juu yake palikuwa na maganda ya risasi, yamejaa.

"Yule bibi ameniambia sahani yenu hairudi tupu," akasema, na akayamwaga katikati ya sinia, juu ya kima.

Wenzake walicheka sana. Mmoja akaketi, akayasukuma maganda pembeni, akaanza kula kwa mkono wa kushoto.

"Mna mchele," mkubwa akasema. "Mwenye mchele ana dhahabu. Iko wapi?"

Idarus alisema hatuna. Wakampiga kwa kitako cha bunduki mdomoni, kisha mbavuni, bila hasira yoyote, kama watu wanaopasua kuni. Mama akainuka akamshika yule kijana mkono.

"Mwanangu, umekula chetu. Mtu akila chumvi ya nyumba hawadhuru wenyewe."

"Bibi," akamjibu kwa upole, "nimekula vya watu tangu Mogadishu. Ningemwacha kila aliyenilisha, ningekufa njaa." Akauondoa mkono wa mama kidole kimoja kimoja. "Nitatafuta mwenyewe huko ndani."

Akapiga hatua kuelekea pazia. Nyuma ya pazia alikuwa Sabah, chakula chake hajapelekewa bado. Arafa akasimama mbele ya kijana, mwiko mkononi.

"Dhahabu hakuna. Unataka nini huko, mikeka? Mpishi ni mimi. Kile ulichokula nimekipika mimi."

Kijana akasimama, akamtazama. "Wewe?"

"Mimi. Na hicho kilikuwa cha nyama mbovu, mchele bila nazi. Nipe nyama ya sawasawa uone."

Kijana akawageukia wenzake. "Wiki tatu tunakula tambi za kuungua za Mahmudi."

"Mchukue," akasema yule Mahmudi mwenyewe, mdomo umejaa. "Mimi niliwaambia sikuzaliwa na jiko."

"Chukua sufuria yako, mama," mkubwa akasema. "Umepata kazi."

Arafa akatoka mbele yao upesi upesi, akiwasemesha njia nzima, mkaa uko wapi, maji anateka nani, vitunguu vipo au havipo. Mpaka mlango ukafungwa anaongea. Idarus akajikokota nyuma yake, damu ikimtoka, nao wakamwachia apite, wakamwambia maji atateka yeye. Mama akakaa kitambo akiyatazama maganda ya risasi kwenye sinia. Kisha akajifunga kanga kiunoni.

"Nani atamchambulia mchele?" akasema, kana kwamba anatuuliza, naye akaenda.

Asubuhi Ummi akaja mlango mdogo. Macho yamemvimba.

"Arafa anasema mchukue mtoto mwende. Msimngojee. Na msipite mbele ya nyumba, wamefungua mlango, wamekaa barazani."

"Wamesema watamwachia lini?" nikauliza.

"Amewapikia jana. Wamelamba vidole." Ummi akafuta pua kwa pindo la kanga. "Angekiunguza, wangempiga wakamfukuza. Nilimwambia, tia chumvi, mwanangu, tia konzi. Akasema wakimfukuza kwa hasira watarudi kwenu kupekua, na mtoto hajaondoka bado."

Niliangalia nyuma ya nyumba. Kichochoro cha huko kilikuwa kimezibwa kwa lori lililoungua, na juu yake vijana wawili wamekaa na bunduki mapajani. Njia ilibaki moja, ya mbele. Nikamwambia Sabah ajifunike, ainamishe kichwa, anishike mkono na asitazame pembeni.

Tungepita. Wale wa barazani walikuwa wakicheza karata, hawakutujali, mzee na mtoto aliyejifunika, wako wengi. Lakini mlango ulikuwa wazi mpaka uani, na harufu ya kitunguu cha kukaanga ikatoka, na Sabah tangu jana hakula kitu. Aliitambua harufu ile kama mtu anavyotambua sauti. Mkono wake ukanitoka. Alikuwa uani kabla sijafungua kinywa.

"Mama!"

Nikaingia nyuma yake. Mkubwa alikuwa amejilaza kwenye kitanda cha kamba karibu na jiko. Akainuka kwa kiwiko.

"Wa nani huyu?"

Arafa hakugeuka mara moja. Alikuwa anakoroga. Kisha akageuka, akamtazama mwanawe kuanzia miguuni mpaka usoni, na uso wake haukuwa na kitu.

"Simjui," akasema. "Mwombaji. Tangu asubuhi wananusanusa chakula kama paka."

"Amekuita mama."

"Nani haniiti mama? Mwenye njaa humwita mama hata mbuzi."

Kijana akacheka. Sabah akasogea hatua moja, mikono mbele, na Arafa akampiga kwa mwiko wa moto, begani, mlio ukasikika. Akampiga tena.

"Toka! Ukome we! Nenda kwa mama yako!"

"Mpe ukoko basi," yule kijana akasema, amefurahishwa. "Usiwe mbaya hivyo."

"Ukoko ni wa wanaofanya kazi," Arafa akajibu. "Nikimpa huyu, kesho wako kumi hapa, na ninyi mtakula nini?"

"Mnamwona?" akawaambia wenzake barazani. "Huyu ndiye mpishi. Huyu ataweka hesabu ya kila punje."

Nikasema mtoto ni wangu, ana kichwa kibovu, wamsamehe. Nikamshika. Alikuwa mgumu kama kijiti, halii, anamtazama mama yake tu.

Idarus alikuwa amechuchumaa kisimani, kamba ya ndoo mikononi, midomo imemvimba, hakuinua kichwa. Mama amekaa kwenye kibao na ungo mapajani, anachambua mchele wa wenye bunduki, na vidole vyake vilikuwa vinatafuta mawe pasipo na mawe. Mjukuu wake alipomtazama, mama akasema kwa Kisomali, kwa sauti kubwa ya kutosha, "Mwondoeni mtoto wa watu hapa, anatia kivuli kwenye chakula."

Arafa alikuwa ameshatupa mgongo. Akamimina mchuzi kidogo kwenye kiganja cha kushoto, akalamba, akatazama juu. Kisha akaongeza chumvi, kiasi chake sawasawa. Nikamvuta Sabah mlangoni tuiwahi mashua ya Nassoro, na hapo ndipo nilipowaona mara ya mwisho.