Gari Haliinuliwi na Mtu Ndani

Tairi la nyuma lilipasuka tukiwa tumeiacha Garissa saa nzima nyuma, njia ya Modogashe. Nilishika usukani kwa mikono miwili, sikugusa breki, gari likapunguza mwendo lenyewe hadi nikalitoa pembeni. Pembeni ni mchanga. Huko hakuna pembeni ya aina nyingine.

Nyuma ya pikapu, chini ya turubai, alilala habaryar, dada mdogo wa mama yangu, kwenye jeneza la msikiti. Alifariki hospitalini alfajiri. Ameoshwa, ameswaliwa, na kaka yake alikuwa akingoja kijijini, kaburi liko wazi, azikwe kabla ya jua kuzama. Kando yake alikaa mwanawe wa pekee, binamu yangu, aliyetoka Nairobi kwa basi la usiku na kumkuta ameshafunikwa. Mbele nilikaa na jirani yetu mzee, ambaye alikuwa hajaacha kunong'ona dua tangu tuondoke.

Nilivuta breki ya mkono, nikaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele. Nikahesabu nati: sita. Nikahesabu tena, mazoea ya soko la mbuzi: sita. Nikazilegeza gari likiwa bado chini, kisha nikatandika ubao chini ya jeki ili mchanga usiimeze.

"Shuka, walaal, ndugu yangu," nikamwambia binamu.

"Inua tu. Mimi sina uzito."

"Gari haliinuliwi na mtu ndani."

"Na yeye je? Si mtu?"

Nimewahi kumuuzia mchinjaji mbuzi kiwete na akanishukuru, lakini hapo nilirudi kuupima ubao chini ya jeki.

"Mshusheni naye," mzee akasema. "Jeneza likibingirika, nani atamweleza kaka yake? Mimi simo."

"Nimweke mama yangu chini barabarani kama gunia la mkaa?"

"Si barabarani," nikasema. "Pale kwenye kivuli cha mgunga. Ukae naye."

"Na koti lako liwe chini yake."

"Haya, na koti."

"Mpaka umalize. Usinikimbize."

"Mpaka nimalize."

Tukambeba, binamu upande wa kichwa, mimi na mzee miguuni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Ugonjwa ulikuwa umejichukulia fungu lake mapema.

Mara ya kwanza jeki ililala upande, gari likarudi chini kwa kishindo. Nikasawazisha mchanga, nikarudia. Nikavua tairi bovu, nikavika la akiba, nikafunga nati kwa kupishana, hii na ile ya mkabala wake, nikashusha gari na kuzikaza kwa uzito wangu wote.

Nilipogeuka kumwita, binamu alikuwa ameinama karibu na kichwa cha mama yake, anaongea. Haikuwa dua. Nilisikia habari za basi lililochelewa kuondoka, na simu iliyozimika chaji. Alikuwa anajieleza.

Mzee aliniangalia, kisha akaangalia jua. Mimi nilishaliangalia, mara mbili.

Nikaokota spana, nikarudi kukaza nati zilizokwisha kukazwa, nikiigonga rimu kila baada ya muda ili asikie kwamba kazi bado ipo.

Tulifika watu wameshaswali magharibi. Abti, kaka wa marehemu, alikuwa amesimama kando ya kaburi, mikono ina udongo uliokauka.

"Mmechelewa nini?"

"Tairi, abti," nikasema.

Binamu alikuwa ameshateremka kaburini, amenyoosha mikono juu, anamngoja mama yake.