Mswaki wa Mama Waithera

Ukitaka kumtesa Wamaitha, mwachie swali lisilo na jibu. Mwaka huu swali lilikuwa la meno. Binti yake Waithera, wa miaka kumi na moja, alikuwa na meno yenye madoa ya kahawia, ilhali watoto waliokuja na mama yao kuleta maziwa pale Kitengela walikuwa na meno meupe pepepe. Waithera akichekeshwa, huziba mdomo kwa kiganja. Na mdogo wake Jackie, wa miaka miwili, meno yake ya ukubwani yalikuwa bado yamejificha kwenye ufizi. Hayo ndiyo yaliyomtia mama yao hofu.

Wale watoto wa maziwa hawakosi kijiti cha mswaki mdomoni. Wamaitha akaamua siri ni hiyo. Akasaga vijiti, akachanganya unga wake na mnanaa, karafuu na utomvu wa mshubiri, akapata dawa ya meno ya kijani, nzito kama ugali wa kapera. Ili kuijaribu, akalipaka yai moja, jingine akaliacha, yote akayatia kwenye siki, inayokula ganda kama uchafu unavyokula jino. Lililopakwa likachelewa kulainika. Wamaitha akacheza peke yake jikoni.

"Sijawahi kuona yai ikipigwa mswaki," mumewe Macharia akasema.

Waithera akasugua asubuhi na jioni, miezi mitatu. Madoa hayakusogea.

Vijiti vilipoisha, Wamaitha akaenda Kajiado siku ya soko la mifugo, kwa Naserian, bibi anayeuza miswaki langoni.

"Koko, takwenya," Wamaitha akamwamkia bibi kwa Kimaasai.

"Iko," Naserian akaitikia.

Wamaitha akamweleza shida yake. Naserian akacheka mpaka pengo lake la chini likaonekana lote.

"Mti inasafisha, mama. Haibadilishi rangi. Mimi niko na wajukuu wanaishi karibu na borehole, ile kisima ya kuchimba, meno yao ni kama ya msichana wako, na wanatafuna mti hii hii. Wenye wanakunywa maji ya mvua ndio wako na meno nyeupe. Wako anakunywa maji ya wapi?"

"Ya kisima," Wamaitha akasema. Kisima kilikuwa uani kwake. Macharia alikichimba mwaka mmoja kabla Waithera hajazaliwa, na majirani walichinjiwa mbuzi maji yalipotoka.

Alipeleka chupa ya maji yale kupimwa. Floraidi, madini yanayotia meno madoa, ilikuwa imezidi mno. Daktari wa meno akamwambia jino huharibika likiwa bado ndani ya ufizi, na dawa ya kupaka haifiki huko. Ya Jackie bado yangeweza kuokolewa. Wamaitha alilia njia nzima, maana kikulacho ki nguoni mwako, na kikombe cha kwanza cha maji yale alimpa mtoto yeye mwenyewe.

Macharia alielezwa jioni hiyo. Kesho yake akapanda paani kufunga mifereji ya mvua na kuielekeza kwenye tangi.

"Na meno yangu?" Waithera akauliza.

"Yako itakaa hivyo kwanza, mum," Wamaitha akamwambia bintiye. " Ukikuwa mkubwa daktari ataona. Ni maji yetu iliharibu. Nisamehe."

Tangu siku hiyo Jackie akisogeza kikombe kwenye bomba la kisima, dada yake humkemea kutoka ng'ambo ya ua, mdomo wazi, meno yote nje, na mikono yake yote miwili imenyooshwa kumzuia mtoto.