Kumpa Baba Mdogo Mgongo

Nisiwafiche: kila nikiona kijana mrefu anaanza mpira wa kikapu, hasira inanipanda. Si kwake, ni kwa watu wanaomzunguka. Mtoto akishaanza kuinama mlangoni, mtaa mzima wa Bel-Air unaamua kwamba kucheza anajua tayari. Mimi niliamuliwa hivyo nikiwa na miaka kumi na saba. Kocha wetu aliwafundisha wafupi saa nzima, kudunda, kupasi, kukimbia, kisha akatugeukia sisi warefu na kutuambia tuinue mikono. Somo letu liliishia hapo.

Timu ya wakubwa ilikuwa na nafasi moja ya pivo, yule mrefu anayecheza chini ya kikapu. Aliyeishika alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Ndiye aliyenilea. Mimi na mama tuliishi katika chumba cha uani kwake, na bukari, ugali wetu, tuliila mezani pake. Alikuwa anakaribia miaka arobaini, magoti yote mawili kayafunga bendeji, na nafasi yake niliitaka kwa roho yangu yote. Kwa miaka miwili kocha alituweka sisi wawili chini ya kikapu kimoja, yeye alinde, mimi nishambulie.

Sasa, anayecheza pale hana njia nyingine: lazima ampe mlinzi mgongo. Unatanua miguu, unapinda magoti, unamkalia mapajani mpaka ahame, ndipo unaomba mpira. Lakini kwetu mtoto hapiti hata mbele ya baba yake bila kuinama kidogo, sembuse kumsukuma kwa matako hadharani. Mara ya kwanza nilipojaribu, baba mdogo alininong'oneza sikioni:

"Mutoto, unaniletea matako, miye baba yako?"

Niliruka mbele kama niliyekanyaga kaa la moto. Mpira ukaja, nikageuka nikamtazama kwa adabu zote, nikatupa kutoka mbali, nikakosa. Tangu siku hiyo mchezo ukawa huo huo. Nikikaribia, ananong'ona. Nikijitenga, kocha ananifokea kwamba mimi mvivu, naogopa kuguswa. Kocha alitoka mbali, desturi zetu hakuzijua, na manong'ono yale hakuyasikia. Mimi nami sikuwa na mdomo wa kumshtaki baba kwa mgeni. Nyumbani, tukinawa mikono, baba mdogo alimwambia mama kwamba bado sijakomaa, na mama akaitikia. Nilimeza tonge pamoja na hasira yangu.

Heshima si utumwa, wanasema. Aliyesema hivyo hakulindwa na baba mdogo.

Basi nikajifundisha mwenyewe. Masika barabara ya kwenda mtaa wa Kenya inageuka tope, na vijana tunasukuma magari yaliyokwama. Siku moja mikono ilinichoka, nikageuka, nikaegemeza mgongo kwenye gari, nikashuka chini na kusukuma kwa miguu. Likatoka. Nilisimama pale nimejaa matope nikiwa na hasira tupu, maana hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba nguvu ya pivo iko mapajani, si mabegani.

Kuanzia hapo kila asubuhi nilikwenda kwenye ukuta wa parokia. Nilifanya mazoezi ya kugeuka, hatua moja kulia, hatua moja kushoto, na kutupa kwa mkono mmoja juu ya kichwa, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto ambao ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine. Jioni, nikilindwa na vijana wa mtaani, niligundua kwamba mgongo unasikia. Mlinzi akiegemea bega lako la kulia, njia iko kushoto. Akikaa katikati, mdanganye kwa kichwa kwanza, usikimbilie kudunda. Ni mambo ya kufundishwa kwa siku moja, na mimi yalinichukua miezi.

Wiki moja kabla ya mashindano kocha alitangaza mashambulizi matano. Nikifunga matatu, nafasi ni yangu.

La kwanza, nilimpa baba mdogo mgongo nikamkalia mapajani. Akanong'ona yale yale. Nilimsikia vizuri, nikaongeza uzito. Aliegemea kulia, nikageukia kushoto, nikafunga. La pili, mkono wake ulitokea nyuma ukaupokonya mpira, na sikuelewa umefikaje. La tatu nilifunga. La nne, mkono ule tena. La tano nilisukuma kwa hasira ya miaka miwili. Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, kisha magoti yakamkatalia, akaanguka akakaa kwenye saruji. Nilifunga bila mtu mbele yangu. Hakuna aliyepiga makofi. Nilimpa mkono nimwinue, akaukataa.

Nafasi nikaipata. Jumapili, baada ya misa, mama hakutaka kusikia habari za mpira.

"Utaenda kumuomba pardon," alisema. "Ule njo baba yako."

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo akanipakatisha jogoo mweupe. Nilivuka ua, nikampigia baba mdogo magoti, nikayasema maneno yote yanayotakiwa. Yalitoka mdomoni tu, moyo haukuwamo. Alimpokea jogoo, akaniwekea mkono kichwani, akasema yameisha. Nilikuwa najiandaa kuinuka aliposema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua:

"Ukigeuka, unashusha balo ku kiuno. Njo maana nilikuwa naikamata. Uiweke ku kidevu. Iko vile tangu ulianza."

Tangu nilianza. Miaka miwili mpira wangu ulikuwa ukishuka kiunoni, naye akiutazama ukishuka, akiuchukua, kisha akija mezani kumwambia mama kwamba sijakomaa. Sentensi moja tu ingetosha, na alikuwa nayo muda wote.

Nilisema aksanti, baba, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Kisha nikatoka nje, na kitu pekee nilichokitamani ni kumwangusha tena.